Siku ya Ngoma Mama Alipokwenda Kwao

Juzi mke wa jirani alitoka na furushi la nguo kichwani, ngoma ikilia mtaa wa pili, mtoto wake akimfuata kwa kilio. Nilicheka, kisha nikaikumbuka alasiri yangu.

Siku hiyo mtaa wa baba ulishindana kwa ngoma na mtaa aliozaliwa mama. Zumari zililia tangu adhuhuri. Mama alijifukiza udi, akafunga leso zake furushi, akamwambia baba, "Mimi nakwenda kwetu." Baba, mikono ikinuka sandarusi, ile gundi ya miti aliyoisafisha kazini, akachukua kofia akaenda kwenye ngoma ya mtaa wetu.

Nilijua maana yake. Shangazi yangu naye alirudi kwetu na furushi alipoachwa, akakaa mpaka mumewe alipomrejea, akamchukua tena kuwa mkewe. Sikujua kwamba siku ya ngoma kila mke huenda kuwaimbia ndugu zake, hata kama nyimbo zenyewe zinamkejeli mumewe. Nilikaa barazani nikiisikia sauti ya mama kwa mbali, ikiwacheka watu wetu, nikaamini ametuacha kweli.

Kufika magharibi watazamaji wote walikuwa wamehamia upande wa kwao mama, na mtaa ulioachwa na watazamaji ndio ulioshindwa. Baba alirudi, akaketi karibu yangu. Baadaye mama akaingia, sauti imemkauka, furushi kwapani, bakuli la pilau ya ushindi mkononi.

"Baba," niliuliza, "umemrejea?"

Baba alimtazama mama, akalitazama bakuli, akanawa mikono.

"Leo, mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyerejewa."