Mkoba wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani huyu haweki dawa zake kwenye sanduku. Kila anaporudi kutoka ng'ambo kwa daktari wake, huzitia kwenye mkoba alioushona mwenyewe, akaubana kwapani kama mtu aliyebeba kuku, na vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano haviachi kupapasa zipu. Sauti yake ni ya chini mno; ukitaka kumsikia, sharti uiname.

Safari hii afisa wa forodha, kijana wa shati lililonyooka, alizimwaga chupa zote mezani. "Mama, hizi ni za biashara. Tunazizuia." Akapewa cheti cha daktari, hata hakukitazama.

"Mwanangu," akasema fundi, na sasa ukumbi mzima ulimsikia, "figo ninayotembea nayo alinipa dada yangu. Bila dawa hizi mwili wangu utaikataa. Ukizichukua, nichukue na mimi, maana hapa siondoki." Akavuta kiti cha afisa, akaketi, akakunja mikono. Foleni ikanung'unika, hakugeuka. Mwishowe mkubwa wa zamu akaja, akakisoma cheti, akaamuru arudishiwe dawa zake. Fundi akausukuma mkoba mbele ya kijana.

"Azipange yeye aliyezimwaga."

Kijana akazipanga, moja moja, macho kayainamisha. Nje, binti wa fundi, aliyekuja kumpokea, alimkumbatia kwa nguvu.

"Wamekusumbua, mama?"

"Wamejaribu," akajibu, akatangulia kwenda kwenye gari.