Sauti Isiyokuwa Yake

Bibi niliyekuwa namhudumia Pearland, pembeni mwa Houston, aliuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliuawa kwa shoka, kwa sumu, kwa kusukumwa kutoka ghorofani, na mara moja aliuawa na mume ambaye naye alikuwa amekwisha kufa. Ndiyo kazi aliyoifanya ujanani kwao Ulaya: kuigiza filamu za kutisha za bei rahisi. Zamani watu wenye heshima zao hawakukiri kuzitazama. Leo wapo wanaozishika kama dini.

Mumewe, mhandisi wa mafuta aliyemleta Texas, alikuwa ameshafariki. Nyumba ilikuwa ya mtoto wake wa kambo, mtu wa adabu ambaye hukai naye dakika mbili bila simu yake kulia. Mimi nilitoka kwangu Stafford kila asubuhi kwenda kumwogesha bibi, kumpa dawa na kumpikia uji ambao hakuumaliza hata siku moja.

Siku moja nilimwomba anionyeshe filamu yake. Nikamwona msichana mwenye macho makubwa, anaongea kwa sauti laini, ya kubembeleza. Nikageuka kumtazama bibi, mwenye sauti nene ya kukwaruza na lafudhi iliyonichukua wiki nzima kuizoea.

"Uso ni wangu," akasema. "Sauti ni ya mwanamke mwingine."

Akanieleza kwamba walikuwa wakipiga picha kwanza, kisha wanamwita studio mtu mwingine aseme maneno. Waongozaji walisema sauti yake ingefukuza watu. Katika filamu zake zote hakuna hata neno moja lililotoka kooni mwake.

Nilicheka. Kwetu Morogoro, kwenye banda la video, jamaa mmoja alitafsiri mikanda yote peke yake. Alikuwa jambazi, mchumba, mama mkwe na hata mbwa, na katikati ya mapigano alitangaza duka la shemeji yake. Nilimsimulia bibi nikidhani atafurahi.

"Nyinyi mlijua si wao," akasema. "Mimi watu waliamini."

Nikaacha kucheka.

Kisha wapenzi wa filamu hizo wakamwalika kwenye mkusanyiko wao Dallas, apande jukwaani. Bibi aliniambia wazi kwamba alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: watu wale wamsikie yeye mwenyewe. Mtoto wa kambo alikuwa na kazi, nikasema nitampeleka mimi. Dada yangu anayeishi huko Dallas alinishangaa kwenye simu.

"Yaani uta-drive kutoka Houston na mtu wa wheelchair, weekend yako ya off, kwa ajili ya sinema za mashetani?"

Nikamwambia ndiyo, na anipikie wali.

Njiani bibi alifanya mazoezi ya hotuba. Alisimulia alfajiri yake ya kwanza ya kazi, baridi kali, amelala kaburini na gauni jepesi, na damu ya bandia iliyopikwa kwa sukari ikimgandia shingoni mpaka sisimizi wakamjia. Alisimulia vizuri sana. Nilipitiliza njia ya kuchepuka kwenye barabara kuu kwa sababu ya kumsikiliza.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Alipoanza kusema, watu walikunja nyuso wakijitahidi kumwelewa, halafu mmoja mmoja wakainamia simu zao. Kabla hajafika kwenye sisimizi, mshereheshaji alimkatiza kwa upole, akamwomba awapigie ule ukelele wake maarufu.

"Ule si wangu," bibi akasema. "Hakuna sauti yangu mle hata moja."

Wakacheka, wakidhani ni utani. Basi akavuta pumzi, akapiga wake. Ulitoka mkavu, ukakatika katikati, akaishia kukohoa. Walimpigia makofi ya huruma. Kisha mshereheshaji akasema sasa wasikie ule wenyewe, akauweka kwenye skrini, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Nilipandwa na hasira. Bibi alitabasamu kwa heshima ya watu wale, nikatamani asingetabasamu.

Tuliporudi Pearland aliacha kuongea, isipokuwa kuomba maji au kukataa uji. Baridi ilipoingia akapata nimonia, akafa.

Siku ya mazishi nilimkuta mtoto wa kambo akitayarisha kompyuta mbele ya jeneza, ili aonyeshe vipande vya filamu. Nilimvuta pembeni nikamwambia sauti ile si ya mama yake.

"Najua, dada," akanijibu, macho yamemwiva. "Lakini hatuna nyingine. Nimetafuta kila mahali."

Nikatoa simu yangu, nikaanza kutafuta na mimi. Nilikuta picha za chupa za dawa, na picha za vidonda vya mgongoni nilizokuwa nikimtumia nesi. Nilikuta bibi amelala, bibi amekaa dirishani. Hapakuwa na hata video moja anaongea.

Nikaenda kukaa. Taa zikapunguzwa, spika zikafunguliwa, na sauti ile laini ikaanza kusema. Mtoto aliyekaa mbele yangu akamwuliza mama yake kama hivyo ndivyo bibi alivyokuwa akiongea zamani. Mama yake akajifuta machozi, akamwambia ndiyo.