Kikombe cha Kutuliza Mkono

Mama alinituma nikamrudishe kaka nyumbani. Kati ya watoto wake mimi ndiye nisiyetulia mahali, kwa hiyo aliona safari ya kwenda machimboni Runzewe si adhabu kwangu. Daktari wa Ushirombo alikuwa amemwambia kaka kwamba ini limevimba, na akiendelea kunywa atakufa. Kaka alimpigia Mama simu, akamweleza hayo kama mtu anayetoa habari za mvua.

Nilimkuta kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, ameshika mpini wa winchi. Kazi yake ilikuwa kuwashusha wenzake kwa kamba na kuwapandisha. Utotoni, pale uwanja wa Kambarage, ndiye aliyekuwa akinipandisha ukutani kwa mkono mmoja nichungulie mpira. Sasa macho yalikuwa ya njano na mikono hiyo ilitetemeka kama ya mwenye homa.

Sijamaliza kumwamkia, mchimbaji mmoja akaja na kikombe cha plastiki chenye gongo. Nilidhani ni chake. Akampa kaka, kwa adabu, kwa mikono miwili. Kaka akanywa, akangoja kidogo, mikono ikatulia. Ndipo mchimbaji akajifunga kamba kiunoni na kushuka.

Nilimuuliza kiongozi wa zamu kama wana akili timamu. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni, kwamba fundi wa winchi asipopata kikombe chake anatetemeka, na anayetetemeka hawezi kushika roho za watu. Nikamwambia kinachomtetemesha ni hicho hicho wanachomnywesha. Watafute mtu mwingine, kaka akatibiwe. Akacheka.

"Mdogo wetu, unataka tumfukuze kazi mtu mgonjwa?"

Nikakaa kando ya shimo kungoja zamu iishe.

Mchana mpini ulimponyoka kaka. Kamba ilikimbia, mfuko wa mawe ukaanguka shimoni kwa kishindo. Kukawa kimya, kisha kikohozi, kisha matusi; tukajua aliye chini yu hai. Wenzake walimsogeza kaka pembeni, tukazungusha winchi wenyewe, akatoka yule yule aliyeleta kikombe, bega limechubuka. Nikasema haya, sasa mmeona. Mchimbaji akajifuta tope machoni, akawageukia wenzake.

"Leo nani alimpimia? Mmempunja huyu."

Wakakubaliana naye wote. Kikombe kikaletwa tena, safari hii kimejaa hadi ukingoni. Nikamshika kaka mkono kabla hajakipokea.

"Kaka, Mama anakungoja."

Alinitazama kwa huruma, utadhani mwenye ini bovu ni mimi.

"Nikiondoka, hawa atawapandisha nani?"

Akautoa mkono wake polepole, akanywa.

Nilirudi Shinyanga peke yangu. Mama alikuwa ametandika kitanda cha kaka na kuteka maji ya kuoga. Alinitazama, akatazama nyuma yangu mlangoni, hakuuliza alipo. Aliuliza tu kama huko aliko ana watu wa kumwangalia.

Nikamwambia wapo, tena wanampenda sana.