Kitufe cha Bwana Kuramochi

Kitu cha kwanza utakachokiona kwa Bwana Kuramochi Isao ni vioo vya teksi yake. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaliondoa gari, huvishusha vyote vinne, hata siku ambayo baridi inauma na mvuke wa chemchemi za maji moto umejaa kwenye vichochoro vya Beppu, mji wa Japani. Kisha hutoa kichwa nje na kusema, kama mtu anayejitambulisha mapokezi, "Kuramochi hapa. Natoka, naelekea chini." Baada ya hapo ndipo gari hutambaa, likitoa mlio mwembamba kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

Wageni wa hoteli hudhani ni vituko vya uzee. Wakazi wa kichochoro hawacheki, maana wote wamesoma aliyoyaandika kwenye ubao, na wengine wameyasoma mara mbili.

Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia nyuma ya usukani, amevaa glavu nyeupe ambazo mkewe, Sumie, huzifua kila jioni. Katika miaka yote hiyo, mpaka mwaka huu, hakuwahi kumgusa mtu wala baiskeli. Alichokiogopa maishani si ajali bali kumsumbua mtu. Akipiga chafya kwenye foleni ya benki huinama kuomba radhi mbele na nyuma. Alipobadilisha teksi yake ya zamani akanunua gari la umeme, alifanya hivyo, alimwambia Sumie, ili majirani walale.

Gari hilo lilikuwa la matoleo ya mwanzo. Likienda polepole lilitoa ule mlio wa kuwatahadharisha waendao kwa miguu, kwa sababu bila mlio halisikiki kabisa. Lakini kando ya usukani watengenezaji waliweka kitufe cha kuuzima. Ukizima gari na kuliwasha tena, mlio unarudi wenyewe. Anayetaka ukimya lazima akibonyeze kitufe upya kila safari.

Vuli iliyopita ulipita ubao wa mtaa. Ubao huo hutoka nyumba hadi nyumba ukiwa na karatasi ya matangazo, kila mwenye nyumba anasoma, anagonga muhuri wake, anampelekea wa pili. Haumtaji mtu kwa jina hata siku moja. Safari hiyo uliandikwa: "Asubuhi na mapema, tafadhali sote tupunguze sauti zinazoweza kuepukika."

Kuramochi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama mlangoni, akahisi uso unamwaka moto. Nani mwingine hutoka saa kumi na mbili? Aligonga muhuri, akaupeleka ubao nyumba ya pili. Tangu kesho yake, kila asubuhi, kidole chake cha shahada kilibonyeza kitufe, na teksi ikateremka kichochoroni kama kivuli. Alijivuna kidogo. Alijiona ndiye jirani asiyemchosha mtu.

Nyumba tatu chini yake anakaa Bi Tsubouchi Orie. Hakuzaliwa kipofu, macho yalimwisha akiwa na miaka tisa. Ni fundi wa kukanda misuli, na watu wote humwita Mwalimu, kama waitwavyo wenye kazi yake. Kwa miaka thelathini amewakanda wageni wa hoteli iliyo chini ya mteremko, na kwa miaka thelathini ameteremka mwenyewe kwa fimbo yake nyeupe. Wenyeji husema anakutambua kwa viatu kabla hujafungua kinywa.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Mwalimu alikuwa anakwenda kwenye bafu la mtaa, beseni la plastiki likiwa kwapani. Alifika kona, akasimama, akasikiliza kama afanyavyo siku zote. Hakusikia kitu. Akavuka.

Kuramochi alimwona akitokeza kwenye mvuke, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bampa liliipata fimbo, likaivunja, na Mwalimu akaangukia mkono wa kulia. Beseni lilimtoka likabingirika mteremko mzima, likigonga mawe moja baada ya jingine. Sauti pekee kichochoroni ilikuwa ya beseni hilo.

Alipomfikia, Mwalimu alikuwa ameketi chini, ameshika kifundo cha mkono.

"Samahani sana," alisema. "Nimekuingilia njiani. Ni nani?"

"Kuramochi."

"Ah, Bwana Kuramochi. Na uko kazini. Nimekuchelewesha."

Askari walikuja, wakapima barabara, wakauliza mwendo. Wakauliza juu ya mvuke. Hakuna aliyeuliza juu ya mlio, na Kuramochi, ambaye hajawahi kusema uongo, aligundua siku hiyo kwamba mtu anaweza kujibu ukweli mtupu kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na bado akarudi nyumbani akiwa mwongo.

Kifundo kilikuwa kimepata ufa, wakakifunga plasta ngumu. Siku ya tatu Kuramochi na Sumie walivaa nguo nyeusi, wakapeleka sanduku la keki za maharage matamu, wakainama mlangoni hadi paji la uso likagusa mkeka.

"Inukeni, jamani, mtaniaibisha," Mwalimu alisema. "Kosa si lenu. Gari hupiga mlio siku hizi, sivyo? Basi lilipiga, na mimi sikusikia. Masikio yameniaga."

Sumie alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Kuramochi alitazama mkeka.

"Pole sana, Mwalimu," ndilo lililomtoka.

Kuanzia hapo aibu ilihamia nyumbani kwake kama mgeni asiyeaga. Kila siku aliona jambo jipya. Aliona jirani mmoja akimpigia Mwalimu kelele sikioni, "HALI YA HEWA NZURI LEO, MWALIMU," na Mwalimu akirudi nyuma hatua moja. Aliona mwingine akimshika kiwiko bila kuulizwa na kumvusha kama mzigo. Kisha akamchukua abiria aliyekuwa mfanyakazi wa hoteli, naye akasema, kwa maongezi tu, kwamba mama mwenye hoteli amempumzisha fundi wao wa kukanda. Si kwa ajili ya mkono, mkono utapona. Ila mtu asiyeona, na sasa hasikii, akianguka kwenye ngazi zao itakuwaje?

Kuramochi alimshusha abiria yule, akakaa kwenye gari lililozimwa mpaka kioo kikafunikwa na pumzi yake. Mwanamke mzima alikuwa anapoteza kazi na mtaa wake kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, na mtu mmoja tu duniani alijua hivyo.

Jioni hiyo Sumie alikuwa kwenye beseni la kufulia. Aliinua glavu moja ya kulia.

"Baba Chie, hiki kidole unagusia nini?"

"Kidole gani?"

"Hiki cha shahada. Tangu vuli kinakuja na doa, nakisugua peke yake. Na tangu ile Jumanne, doa halipo tena." Aliikunja glavu polepole. "Mimi si askari. Nauliza tu."

Akamweleza. Sumie aliitundika glavu kwenye kamba. Kisha akasema, "Nami niliinama pale pamoja nawe. Niliinamia jambo nisilolijua."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi.

Asubuhi yake alikwenda kwanza kwa Bwana Hirabayashi, mwenyekiti wa mtaa, ambaye pia ndiye muuza tofu, ile jibini laini ya soya. Alitaka kueleza kwamba alizima mlio kwa sababu ya lile tangazo. Huenda, moyoni, alitaka mtu wa kugawana naye lawama. Hirabayashi aliacha kisu juu ya tofu.

"Tangazo lile? Bwana Kuramochi, lile lilikuwa la mlango wangu wa chuma. Ndio niuinuao saa kumi na moja. Nililalamikiwa, nikaona haya kuandika jina langu, nikaandika 'sote'." Alifuta mikono kwenye aproni. "Nikaupaka mafuta, nikadhani yamekwisha. Hakuna aliyekulalamikia wewe. Mama mmoja hata aliniuliza ile teksi yenye filimbi imekwenda wapi, mtoto wake alikuwa anaipungia mkono."

Walisimama wawili hao, kila mmoja akiangalia tofu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake.

Kwa Mwalimu alikwenda peke yake, bila sanduku. Alipiga magoti akayasema yote: ubao, kitufe, kidole, askari, na siku alizonyamaza. Hakuweka "lakini" hata moja. Alikuwa amezihesabu njiani na kuziondoa.

Mwalimu alisikiliza akiwa amegeuza sikio la kushoto upande wake, ndilo analolitumia kwa wateja.

"Siku ngapi zimepita?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa. Nimekwenda kwa daktari wa masikio mara mbili. Amenivalisha vile vidude, amenifungia chumbani, kisha akaniambia nina masikio ya msichana. Nikamwona mwongo." Aliipapasa plasta. "Usiku nimekuwa nikigonga kikombe kwa kijiko, nisikie kama bado nasikia. Unajua mtu anajionaje akifanya hivyo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hujui. Na usiiname, nasikia shati lako linavyokunjika. Keki zako nimekwisha kula, sirudishi." Alivuta pumzi. "Umeniambia mimi. Mimi nilianguka tu. Sasa waambie hao wanaonipigia kelele sikioni."

Basi Kuramochi akafanya jambo ambalo kichochoro hicho hakijapata kuliona. Baada ya kwenda kwenye kituo cha polisi na kuyarudia yote mbele ya askari kijana aliyeandika polepole kwa haya, aliomba ubao, akaandika kwa jina. "Mimi, Kuramochi Isao, nilikuwa nikizima mlio wa gari langu kila asubuhi. Mwalimu Tsubouchi hakusikia gari kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Masikio yake ni mazima. Nilinyamaza siku kumi na tisa. Naona aibu." Ubao ulizunguka nyumba ishirini na mbili ukarudi na mihuri yote. Chini kabisa Hirabayashi alikuwa ameandika kwa herufi ndogo sana: "Mlango wa chuma ulikuwa wangu."

Mama mwenye hoteli alitumiwa nakala. Alijibu kwa adabu kwamba anafurahi, ila angependa kujihakikishia. Mwalimu aliposomewa jibu hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Aje ajihakikishie. Bwana Kuramochi ataleta gari."

Plasta imekatwa Alhamisi. Leo ni Jumapili, saa tatu kasoro dakika chache. Hirabayashi amefunga kichochoro kwa makreti ya tofu juu na chini. Mama mwenye hoteli amesimama kwenye kona, amevaa kimono ya kijivu. Mpango ni wa Mwalimu mwenyewe: atasimama pale pale alipoanguka, na Kuramochi atateremka mara kumi, mlio ukiwapo. Kila atakapousikia atainua fimbo yake mpya. Akiinua mara zote kumi kabla gari halijafika kwenye nguzo ya taa, kesho jioni anarudi hotelini.

Kuramochi ameketi juu ya mteremko, vioo vyote vinne vimeshushwa. Kitufe amekibandika karatasi ngumu kwa gundi, na glavu ya kulia ameiacha mapajani. Sumie amekaa kiti cha nyuma. Mvuke unapita mbele ya gari, unafunika kona, unaiachia tena.

Mlango wa nyumba ya tatu, ya Mwalimu, unasogezwa. Fimbo inatangulia kutoka.