Kaburi la Luppo Halihami

Shemeji yangu Hilje alifanya kazi ya kufungua daraja la mfereji mpaka alipostaafu. Meli ikija inapiga honi, yeye yumo kibandani anamalizia kahawa, anafuta mdomo, ndipo anatoka kulipandisha daraja. Nahodha atukane asitukane, atangoja. Ndiyo maana alizoea kuombwa, na yeye mwenyewe kuomba hakujua. Sukari ikimwishia alikunywa kahawa chungu mpaka siku ya soko, na jirani ana mfuko mzima. Siku tuliyomzika mumewe, ambaye ni kaka yangu Luppo, mbebaji mmoja wa jeneza aliugua asubuhi ile. Hilje hakumwomba mtu. Alivua glavu akashika mpini mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa pili, na watu husema upande wake ndio uliokwenda sawa. Wasichosema ni kwamba mzigo wote ulikuwa upande wangu.

Namwandika kwa sababu hapa kijijini Oldewier habari yake inasimuliwa kombo, na mimi naachwa nje, ilhali bila mimi isingekuwapo habari yenyewe. Jina langu Eppo. Shule niliiacha mapema kabla haijaniacha, lakini kichwa ninacho, na wenye vyeti huja kuniuliza mambo. Huja kimyakimya, lakini huja.

Mambo yalianza vuli moja, Hilje alipokwenda kusafisha kaburi akakuta kibao cha njano kimechomekwa kwenye udongo: mwenye haki ya kaburi hili awasiliane na kamati. Kwetu kaburi hununui milele. Unapewa miaka, ikiisha unaongeza mingine. Kanisa letu limekaa juu ya kilima kidogo, wafu ni wengi, nafasi ni finyu. Miaka thelathini ya Luppo ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka ule, na kamati ilikwisha kuamua kwamba safu ile haiongezwi. Walitaka kuisakafia kwa matofali, wageni wa matamasha ya kanisani wapate mahali pa kunywea kahawa. Mifupa ya Luppo ingekusanywa ikatupwe kwenye shimo la pamoja, nyuma ya ua wa miti.

Na haikuwa habari ya mifupa ya Luppo peke yake. Kaburi lile ni la watu wawili, mmoja juu ya mwenzake. Luppo alilala chini kwa sababu alitangulia, na nafasi ya juu ilikuwa ya Hilje. Waliichagua pamoja wakiwa vijana, kama watu wengine wanavyochagua kitanda.

Mwenyekiti wa kamati ya makaburi ni Reint Oosterhof, mkulima wa viazi. Ni mwenyekiti pia wa chama cha kuteleza kwenye barafu, na wa bendi ya tarumbeta. Hapa kwetu kiti kikiwa kitupu, Reint anakikalia. Si mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe kwa Hilje, kofia mkononi, akamweleza kwa upole kwamba ndivyo sheria ilivyo.

"Imeandikwa wapi?" Hilje akamuuliza.

Reint akasema jambo hilo watu wote wanalijua.

"Watu wote si karatasi," Hilje akamjibu, akamfungulia mlango atoke.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kijiji kizima kilimkumbusha shemeji yangu maneno hayo, naye hakumpisha mtu. Kila aliyekutana naye alikuwa na sheria yake mdomoni. Mwoka mikate alisema mjane hawezi kunyimwa. Fundi baiskeli alisema kaburi lenye jiwe halifukuliwi. Ukiwauliza wameisoma wapi, mmoja aliisikia kwa mkwewe, mwingine kwa kinyozi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nina kitabu cha sheria, kizito, jalada la ngozi, nilichokinunua sokoni Winschoten, na muuzaji akaniongezea pampu ya baiskeli bure. Nikampelekea. Mambo ya makaburi yamo, tena kwa kirefu. Hilje alikisoma, akanakili ukurasa mzima, halafu akarudi mwanzoni akatazama mwaka.

"Eppo, hii sheria imekuzidi umri. Ilikwisha kufutwa."

Nikamwambia sheria ni kama jibini, ya zamani ndiyo tamu.

"Jibini la zamani unalila wewe," akasema. "Sheria ya zamani inakula wewe."

Kitabu changu ni kizuri mpaka leo. Ni sheria iliyohama, kitabu hakikuhama.

Akatafuta mwenyewe. Akapata kanuni ya makaburi, mpya kabisa, ya manispaa yetu hii hii, na ndani yake imeandikwa kwamba haki inaongezwa. Akaihifadhi kichwani kama zaburi. Siku ya kikao cha kamati akasimama akaikariri, hakuruka hata nukta. Reint alimwacha amalize.

"Umesoma vizuri, mama," akasema. "Ila hiyo ni kanuni ya manispaa, ya makaburi yale ya ng'ambo ya barabara. Luppo hayuko kwa manispaa. Yuko kwetu." Halafu akatoa kanuni ya kanisa, akaonyesha kwa kidole: kamati ikiihitaji nafasi, inaweza kukataa kuongeza.

Pale nyuma mtu akacheka. Si kicheko kikubwa, kicheko cha puani, lakini nilimwona shemeji yangu masikio yakimwiva.

Njiani nikamwambia aachane nayo. Mimi pia nina kaburi la wawili na sina mke, nafasi juu yangu iko wazi. Akaniambia afadhali ahifadhiwe kwenye ghala la viazi vya Reint. Nikajua hajashindwa. Mtu aliyeshindwa hamtukani shemejiye kwa nguvu namna ile.

Wiki iliyofuata tukapanda treni kwenda Groningen, kwenye maktaba kubwa. Mimi nilikwenda kama mshauri. Stesheni tukanunua yai lile lililovikwa nyama na kukaangwa, maana utafiti hauingii tumbo tupu. Maktabani tukampata mkutubi, mwanamke mrefu anayeitwa Roelfke, miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Hilje hakuomba msaada wake. Alimwekea kanuni ya kanisa mezani, akangoja aone atafanya nini.

Roelfke akaisoma akasema kuhukumu si kazi yake, ila kazi yake ni kumwonyesha mtu njia. "Nyinyi mmeanzia kwenye paa," akasema. "Kanuni ya kanisa ni paa. Ile ya manispaa ni paa la jirani. Teremkeni kwenye msingi, kisha mpande taratibu."

Akatueleza. Msingi ni sheria ya nchi, ile iliyopita bungeni. Iko kwenye mtandao wa serikali, bure, mtu yeyote anaifungua. Lakini kabla hujasoma neno hata moja, tazama tarehe pale juu, uhakikishe unasoma inayotumika leo, maana sheria hubadilisha nguo. Ukiona sentensi ina utata, tafuta makaratasi ambayo serikali iliyapeleka bungeni kueleza kwa nini inaitaka sheria hiyo. Kisha hukumu za majaji, kila moja ina namba yake kama fremu ya baiskeli. Vitabu vya maprofesa viwe mwisho, kwa sababu profesa akikubaliana na mwenzake atakosa cha kuandika. Na ukifika kwenye paa lako, uliza swali moja: je, paa linaweza kuuambia msingi usogee?

Hilje akakaa mbele ya kompyuta. Mimi nilikaa kwenye nyingine, kwenye hukumu, nikapata moja ya farasi mfupi aliyekula ua la jirani. Haikutuhusu, lakini nilikwisha kuianza, na nisingeweza kumwacha yule farasi njiani. Shemeji alipata watu waliogombania miti ya makaburini, mawe, na mama wakwe. Hakuna hukumu hata moja iliyogusa jambo lake, lakini sentensi aliyoitafuta alikwisha kuipata, kwenye sheria yenyewe, chini ya tarehe ya siku ile.

Sheria haikusema manispaa wala kanisa. Ilisema mwenye makaburi, awe yeyote. Na ikasema kwamba haki ya kaburi kama la Luppo, ikiombwa iongezwe kabla muda haujaisha, inaongezwa. Haikusema inaweza kuongezwa, wala kamati ikipenda. Inaongezwa, isiwe chini ya miaka mitano wala zaidi ya ishirini kila mara.

Nilitaka kupiga makofi. Nikamtazama shemeji yangu, nikamwona ameweka kidole kwenye neno moja, na kidole hakiondoki. Ikiombwa.

Tukapanda treni kurudi. Tulipovuka mto ndipo aliponigeukia. "Kwa hiyo lazima niombe."

Nikamwambia ndiyo. Tangu vuli alikuwa amebisha, amekariri, amefukuza mwenyekiti mlangoni, lakini ombi lenyewe hakuwa amelitoa. Reint hakuwa amekataa kitu, kwa sababu hakuna alichoombwa. Na mwaka ulikuwa unaisha.

"Nimwombe Reint Oosterhof mume wangu mwenyewe?"

Sijawahi kumwona vile. Sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kuacha, na nikaona wazi kwamba yuko tayari kumpoteza Luppo na nafasi yake juu ya Luppo kuliko kulisema neno lile mbele ya waliomcheka. Basi sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wanaponiruka wakisimulia.

"Shemeji," nikasema, "meli ilipopiga honi, uliweza kukataa kufungua?"

"Kuchelewesha niliweza. Kukataa, hapana. Ni kazi."

"Basi honi ile ilikuwa ombi au ilikuwa amri?"

Akanitazama muda mrefu, kama anayemtafuta aliyenifundisha maneno hayo. Hakunishukuru. Alitazama dirishani, na nikaona bega lake limepanda.

Kikao cha mwisho cha mwaka kilijaa. Watu walikuja kucheka tena. Hilje alivaa koti lake la daraja, lile la buluu, akaweka karatasi mbele ya Reint, tarehe imepigiwa mstari.

"Naomba haki ya kaburi la Luppo iongezwe," akasema.

Alisema "naomba" kama mtu anayegonga msumari. Reint akajibu kwamba kamati italitafakari.

"Kutafakari hamkuandikiwa, Reint. Mmeandikiwa kuongeza. Soma."

Reint akasoma. Akasoma tena. Akampa mweka hazina, mweka hazina akampa aliye kando yake, na karatasi ikazunguka meza nzima ikarudi kwake. Akatoka nje kupiga simu, sijui kwa nani. Safari hii hakuna aliyecheka, mimi nikacheka kwa niaba yao. Aliporudi alikuwa na rangi ya unga, lakini nitampa haki yake: hakuzungukazunguka. Alisema kanuni ya kanisa itabidi irekebishwe, akachukua kalamu, akauliza miaka mingapi, na tayari alikuwa ameanza kuandika ishirini.

"Mitano," Hilje akasema.

"Mama, sheria inakuruhusu ishirini. Chukua ishirini, yaishe."

"Najua inaruhusu nini. Andika mitano."

Kabla mwaka haujaisha, safu nzima ilikuwa imeomba: familia ya mwoka mikate, ya fundi baiskeli, hata shangazi yake Reint. Matofali yakapelekwa upande wa kaskazini, kwenye upepo, na huko ndiko kahawa ya matamasha inakopoa.

Lakini jioni ile tukitoka kikaoni nilimgombeza. Nilimwambia umri wake umevuka sabini, miaka mitano kwa mtu kama yeye ni kufumba na kufumbua, na mtu akipewa ndoo nzima hachukui kikombe.

Hilje akafunga vifungo vya koti, polepole, mpaka cha juu.

"Maisha yangu yote sikuwahi kuomba, Eppo," akasema. "Kumbe ni tamu, ukijua hawana uwezo wa kukataa. Mara moja kila miaka ishirini haitanitosha."