Mjukuu wangu mwenye usonji, kipimo cha ubongo na mafuta ya mise

Wakuu, marahaba. Natanguliza kuitikia kwa sababu humu wengi ni sawa na wajukuu zangu. Shule niliachia darasa la tatu, mnivumilie, ila haya yote nimeyaona kwa macho yangu.

Niko Kasulu na mjukuu wangu Jeniva, mtoto wa binti yangu Skolastika aliyeolewa Kibondo. Jeniva ana usonji. Haongei, ila ukiimba anaitikia kwa kuguna. Kichwa chake hakiguswi na mtu ila mimi.

Mwaka huu akaanza kuduwaa. Anakula, mara mkono unasimama hewani, macho ukutani, kisha anaendelea.

Wifi yangu Anastazia, tunayekaa naye, akasema hicho ni kifafa. Hakugomba. Alimtengea tu mtoto sahani yake.

Kwetu watoto wanakula sahani moja. Jeniva akawa anabeba ya kwake, anaenda kusimama karibu na wenzake. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Skolastika akasikia daktari wa ubongo anakuja hospitali ya huku na mashine ya EEG. Wanabandika waya kichwani, inachora mawimbi ya ubongo. Haiumi, niliuliza.

Tukaagizwa aoshwe nywele, na aamshwe alfajiri ili asinzie kwenye kipimo.

Nikamwosha. Lakini wakuu, huku mtoto haendi kwa watu na kichwa kikavu, watasema hana wenyewe. Nikampaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Akang'aa kweli.

Hospitalini nesi Siwema akabandika waya ya kwanza, ikateleza. Ya pili, ikateleza. Akanusa vidole.

"Bibi, huyu tumpime au tumkaange?"

Nilicheka, ila Jeniva alishaanza kupiga kelele kwa kuguswa, na nyuma yetu walikuwa wanangoja Mama Hamisi wa Kagerankanda na Beatrisi wa Munanila na watoto wao. Nikaona nafasi inatuponyoka.

Nikaomba beseni na sabuni. Nikamlaza mapajani, namwosha taratibu huku namwimbia wimbo wetu wa kupepeta maharage. Povu halijaisha, kasinzia. Siwema akamkausha, akabandika waya zote hapo hapo mapajani kwangu.

Daktari akatuita. Akasema mawimbi mengine hayako sawa.

"Mama, karatasi peke yake haisemi kifafa," akasema. "Wapo watoto wenye usonji wana mawimbi hivi na hawajawahi kupata degedege."

Akatuagiza akiduwaa tumwite, tumguse bega, tumrekodi kwa simu. Nikamwambia nikiimba huwa anageuka. Akasema hiyo ni dalili nzuri. Dawa hakutoa kwanza. Turudi na video, na akianguka au kukakamaa tumkimbize hospitali.

Ndipo nikauliza la sahani. Akajibu kwamba hata kingekuwa kifafa, hakiambukizi kwa sahani, kwa mate wala kwa povu.

Nikamfikishia Anastazia maneno yote.

Jioni akapakua ugali wa muhogo. Jeniva kwa mazoea akaenda kuchukua sahani yake. Anastazia akaipokea mkononi mwake, akafunikia sufuria ya maharage.

"Kaa hapa na wenzio."

Akakaa.

Nilichojifunza: siku ya kipimo kichwa kiwe kikavu, watu waseme watakavyo. Na lile linalokusumbua kweli muulize daktari, hata likiwa la sahani.

Mliorudi na video mliambiwaje? Niandikieni, nasoma polepole lakini nasoma zote. Kuduwaa bado kunamjia mara moja moja, tunarekodi.

Sahani yenyewe mpaka leo ni mfuniko.