Mfuko wa Chini ya Kilima

Mimi ni mtu wa kiti. Kiti chenyewe kiko barazani kwangu, komini ya Tshopo, na kutoka hapo mpaka komini jirani ya Makiso kwangu ni safari ya kuaga watu. Kwa hiyo tonton, mjomba wangu anayemchimbia agronome, mtaalamu wa kilimo, udongo wa kupimwa katika vilima vya hifadhi, aliponiomba msaada, nilidhani amekosea nyumba.

Nilipanda naye kilima kimoja tu, nikilalamika njia nzima. Juu, udongo ulikuwa mwekundu wenye kokoto. Katikati, mwekundu bado, lakini laini. Chini kabisa, karibu na kijito, ulikuwa wa kijivu cha kuelekea weupe, unanata. Tonton aliulowesha, akaukanda, akauviringisha kiganjani. Wa juu ulivunjika. Wa chini ulitoka uzi mrefu.

Kazi yangu ilikuwa kuukausha nyumbani, kivulini, juu ya magazeti, siku saba. Kazi ya kukaa! Nilizaliwa kwa ajili yake.

"Chunga," tonton aliniambia. "Kilima kimoja iko mifuko tatu. Moja ikikosa, agronome anatupa zote. Na mimi ananitupa pamoja nazo."

Siku ya tano nikakuta gazeti la udongo wa chini ni tupu. Mke wangu, mimba ya miezi sita, alikuwa anajifuta midomo.

"Papa, hii mabele ulinunua wapi? Ya sokoni iko na muchanga."

Mabele ni ule udongo mweupe wanaoutafuna wanawake wenye mimba. Sokoni unauzwa vipande vipande. Mimi nilikuwa nimeutandaza mezani kwake, umekauka vizuri, kama zawadi.

"Umekula yote?"

"Ingine nilipatia voisine wa hapa pembeni. Ulitaka nikuwe muchoyo?"

Tangu hapo kiti kilinichoma. Nakaa, nasimama, naenda getini, narudi kuchungulia gazeti kana kwamba udongo huota. Mwishowe nikachimba nyuma ya jiko, penye weupe kidogo, nikaviringisha. Uzi ukatoka. Nikajiona mtaalamu, nikautandaza kwenye gazeti tupu.

Tonton alikuja siku ya saba. Alilowesha, akakanda, kisha akasimamisha kidole. Kwenye ncha yake palikuwa na kipande cha makala, mkaa wa jikoni.

"Kumbe kule kilimani wanapika majani ya sombe," alisema.

Nikamweleza yote. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, akashika goti lake bovu.

"Agronome anakuja mardi ingine. Mimi sitaweza kupanda tena. Shimo unalijua."

"Kesho nitaenda," nikasema, na mke wangu akageuka kuangalia nani amesema.

"Bon, papa," akasema, "ukifika, chimba na yangu."

Hapo ndipo tonton alicheka, mpaka goti likamuuma.

Asubuhi nilipanda toleka, mifuko miwili mapajani, nikimwomba mwenye baiskeli asikimbie, halafu nikimwomba akimbie. Kijitoni nilichimba palepale pa mwanzo. Mfuko wa kwanza niliuandikia karatasi ya agronome. Wa pili niliujaza mpaka ukakataa kufungwa.

Siku zote za kukausha nililala karibu na lile gazeti. Jumanne, hiyo mardi yake, ilipofika, agronome aliviringisha, uzi ukatoka mrefu, akaandika. Tonton akapumua.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiangalia upande wa kilima. Mfuko wa pili ulikuwa umebaki nusu, na mimba ilikuwa bado na miezi miwili na zaidi.